Mkubwa Hutazama Upande Mkubwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mlima, na mlimani kampuni, na kwenye kampuni Fisi. Kaeni vizuri, maana hadithi hii kila nikiisimulia napandwa na hasira.

Hapo kale wanyama wadogo walifungua kampuni ya vyombo vya sayansi. Walitengeneza mizani, wakatengeneza vipimajoto, wakatengeneza na darubini, moja tu, kwa sababu vioo vyake viliwatoa jasho. Mkurugenzi wakamweka Fisi. Msiniulize kwa nini. Alikuwa na sauti nene.

Darubini ilikaa juu ya mwamba, kwa Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mdogo kama sungura asiye na mkia, anayeishi kwenye mawe. Kazi yake ilikuwa kumwangalia Tai. Akimwona kwa mbali anapiga mluzi, kwiii, na watoto wote wanaingia mapangoni.

Basi mwaka ukaanza, na Fisi akaanza ziara za utafiti. Akaichukua darubini, akaivaa shingoni, akaenda kutafiti maporomoko ya maji. Akaenda, akala, akapigwa picha, akarudi. Akaenda kutafiti chemchemi ya maji moto. Akaenda, akaoga, akala, akapigwa picha, akarudi. Akaenda ziwani kutafiti heroe, wale ndege wa miguu mirefu. Huko sisemi alikula nini, ila alirudi na manyoya ya waridi mdomoni. Ripoti hakuna. Na kila akiondoka, darubini inaondoka naye, Pimbi anabaki kukodoa macho matupu. Utafiti gani huo wa meno?

Siku ile ya heroe, Tai alishuka. Vuuu. Hakuna aliyemwona. Akaondoka na Sikitu, binti mdogo wa Pimbi.

Fisi aliporudi, Pimbi alimwendea analia, akamwomba aiache darubini mwambani, maana Tai ameshaonja na atarudi kwa watoto waliobaki. Fisi akajichokonoa meno.

"Pole sana," akasema. "Lakini mtembea bure si sawa na mkaa bure. Kesho naenda kuliona bonde la kusini."

Jamani. Mtu kafiwa, wewe unampa methali!

Pimbi akafuta machozi. Akasema bonde hilo analijua, atamwongoza njia, na huko kuna mwanambuzi mnono hana mwenyewe. Fisi mate yakamdondoka, ndo, ndo, ndo.

Wakafika. Chini ya mgunga alikuwa amelala Simba, hoi kwa shibe. Kabla Fisi hajainua kichwa, Pimbi akamhimiza atazame kwa darubini, kitaalamu. Fisi akaigeuzageuza. Mwaka mzima aliivaa tu, hajawahi kuitazamia.

"Natazama upande gani?"

"Upande mdogo ni wetu sisi wadogo. Mkubwa hutazama upande mkubwa."

Hilo likamkuna Fisi. Akatazama upande mkubwa, na kila kitu kikawa kidogo, kikawa mbali. Simba akawa mwanambuzi wa juzi.

"Usitoe jicho, Mkubwa," Pimbi akamnong'oneza. "Ukitoa, utafiti unaharibika."

Fisi akaenda, jicho kwenye kioo. Pua ikamwambia huyo si mbuzi. Lakini mkubwa haambiwi. Akaenda, mwanambuzi bado mdogo. Akaenda, bado mdogo. Akaruka, akauma, kumbe ni mkia.

Ngrrrau! Simba akamtia kofi la kiunoni, paa, kiuno kikashuka na hakijapanda mpaka leo. Mwangalieni Fisi anavyotembea. Ukimwuliza, anakwambia aliumia kazini.

Darubini ilianguka kwenye nyasi. Pimbi akaiokota, akapanda nayo mwambani, akaweka jicho upande mdogo. Asubuhi Tai akatokea kwa mbali. Kwiii. Watoto wote wakaingia ndani. Wote, isipokuwa Sikitu.

Fundisho lake ni hili, watoto wazuri: mtembea bure si sawa na mkaa bure. Tembeeni. Na mkipata mkubwa anayependa ziara, msimnung'unikie, ni utovu wa adabu. Mfungieni chakula cha njiani, mvalisheni darubini, na siku zote mheshimuni kwa kumpa upande mkubwa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, mgawieni jirani. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi, akaitafiti.