Ulikuwa Wapi Miaka Yote?

Wapendwa, kulikuwa na dada mmoja aliyeanza masomo ya jioni akiwa mtu mzima. Alikaa dawati moja na watoto wa rika la mwanawe. Wakamwita bibi, akacheka nao, akafaulu. Chuo cha uuguzi kikampokea. Ada hakuwa nayo, akaomba ufadhili kwenye mfuko wa elimu wa kanisa lake. Bila mfuko ule, nafasi yake angepewa mwingine.

Kamati ikamwita. Mwenyekiti, mzee wa kuheshimika, akalisoma jina lake kwenye barua bila kuinua macho.

"Mama, wenzako wa umri huu wanasomesha. Wewe ndiyo kwanza unaomba kusomeshwa?"

Wajumbe wakacheka.

"Tangazo halikutaja umri, mzee."

"Haya, halikutaja. Sasa miaka yote wenzako wanasoma, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwako, baba."

"Kwangu?"

"Nililetwa kwako nikiwa mtoto, nikaambiwa nitapelekwa shule. Nikawaamsha watoto wako, nikawapigia pasi sare, nikawasindikiza mpaka kwenye geti la shule. Pale getini nikawa nageuka, narudi kudeki."

Mzee akavua miwani, akamtazama. Uso ukamchangamka.

"Dada! Kumbe ni wewe, dada! Jamani, huyu ndiye aliyenilelea watoto!"

Mnadhani alimwomba radhi? Mnadhani alitia saini? Alimsogelea, akamshika mkono kwa furaha.

"Mungu ni mwema. Binti yangu amejifungua juzi, anahangaika kutafuta msichana wa kazi. Unaweza kuanza lini?"

Wapendwa, tusimcheke yule mzee. Jina alilisoma vizuri, ila hakujua ni la nani, kwa sababu miaka yote alimwita dada akaona inatosha. Sisi nasi humu ndani tunaitana dada, tunaitana kaka, tunapeana mikono ya amani. Lakini ni wangapi leo asubuhi tumemwacha mtu nyumbani anaangalia maharage yasiungue, ili sisi tuwahi ibada? Huyo anaitwa nani? Jina lake, lile alilobatizwa nalo?

Hata mimi, tangu nianze kusimulia, nimemwita dada tu. Nani kati yetu amejiuliza jina lake?

Anaitwa Sekunda. Chuo kilifunguliwa Jumatatu, bila yeye.