Kwa Nini Asiyeamini Huingia Majini Isungu

Wazee wa Isungu husimulia kwamba hapo kale, kanisa la Kibaptisti lilipokuwa bado la matete na udongo, aliyebatizwa aliingia mtoni na mwalimu wa kanisa peke yake. Waumini walisimama ukingoni. Ndugu wasiosali walizuiwa migombani, mbali, wasione kitu. Walisikia nyimbo, kisha kimya, kisha nyimbo tena.

Kimya kile ndicho kilichomkosesha raha Tupokigwe, mjane aliyelima viazi mteremkoni juu ya kanisa. Aliwaona waliotoka mtoni wameacha pombe, wameacha matambiko, wengine hata salamu zao zimebadilika. Walikuwa wakifanywa nini mle majini? Siku mwalimu Ambakisye alipompelekea magimbi, aliyapokea kwa mikono miwili na kushukuru, kisha akamlisha nguruwe wake kwanza, akakaa kumtazama mpaka jioni kama atadhurika.

Ndipo Subilaga, binti pekee aliyembakia kati ya watoto wanne, akasema naye anataka kubatizwa.

"Watakubadilisha," mama alimwambia.

"Ndicho ninachotaka, mama."

Jumapili ya ubatizo mto ulikuwa umefura kwa masika. Tupokigwe hakubaki migombani. Alipenya kwenye matete, akaingia majini na nguo zake zote, akamkamata bintiye kifundo cha mkono.

"Mama, toka," mwalimu alisema. "Hii ni kazi ya Mungu."

"Ifanye. Sikuzuii. Ila huyu simwachii."

Waumini walinung'unika. Mwalimu, hasira zimempanda, akamzamisha binti hivyo hivyo. Akateleza kwenye jiwe, akaanguka, akamwachia, na mkondo ukamvuta Subilaga. Mama alijishikiza kwenye mzizi kwa mkono mmoja, akavuta kwa mwingine, akavuta tena, mpaka uso wa mwanawe ukaibuka ukitapika maji.

Mwalimu alitambaa hadi ukingoni.

"Ulijua nitaanguka?"

"Sikujua. Sikukuamini tu."

Jumapili iliyofuata Ambakisye aliwaambia waumini kwamba siku ile wote waliomwamini yeye walibaki ukingoni wakiimba. Akaketi, hakuhubiri zaidi. Tupokigwe hakujiunga nao hata alipozeeka.

Na kuanzia hapo, mchungaji wa Isungu hamzamishi mtu kabla hajawageukia watu wote na kuuliza, "Nani hapa asiyetuamini?"

Anayeinua mkono huitwa majini, akamshika anayebatizwa.