Majivu Kati ya Matuta

"Mchawi wa nyanya umemshika mpini," alisema Bi Rehani. Mabinti waliokuwa wakipalilia walicheka, wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Bi Rehani akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Methali hii, alisema, ilianzia Muheza, kwa nyanya zilizokufa zingali kijani.

Hadia, mkulima wa huko, alikuwa na matuta sita ya nyanya. Mwaka huo joto lilibana na hewa ilijaa maji, hata kanga haikauki kambani. Mchana mmoja shina moja likalegea, bichi, halina doa. Jioni likainuka. Kesho yake likalala moja kwa moja. Hadia akaling'oa kwa jembe, akaendelea kupalilia. Wiki haikwisha, likalala la pili, kisha la tatu, kwa kufuatana, kama kuna mtu anapita akiyagusa moja moja.

Hadia aliogopa. Miche alipewa na wifi yake Mkasi, na ya Mkasi ilikuwa imestawi. Badala ya kumwuliza, akawanong'oneza majirani kwamba wifi anamroga. Mkasi akanyimwa salamu kisimani, na kijijini pale aliyesemwa uchawi hakukawia kuhama.

Ili amnase kwa nyayo zake, jioni moja Hadia alinyunyiza majivu kati ya matuta. Alfajiri aliinama kutazama. Majivu yalikuwa vilevile, hata panya hakupita. Lakini mashina mengine mawili yalikuwa yamelala. 

Asubuhi hiyo Mkasi akaja mwenyewe.

"Wifi, niletee bilauri ya maji."

Hadia alipoileta, jembe likiwa mkono wa pili, Mkasi akakata shina lililonyauka, akaichovya ncha yake majini.  Kutoka kwenye mkato ukashuka uzi mweupe, mwembamba, ukijinyonga polepole majini. Hadia akarudi nyuma.

"Huyo ndiye uliyempa jina langu," alisema Mkasi. "Ni kijidudu cha ugonjwa, anakaa udongoni. Ulipong'oa la kwanza, jembe uliliosha?"

"Sikuliosha."

"Basi angetaka miguu ya nini? Umembeba mwenyewe, shina hadi shina. Mchawi wa nyanya umemshika mpini, wifi yangu."

Hadia akatazama mkono wake. Jembe lilikuwa bado mkononi. Alilitupa, akalia kwa aibu, kisha akafuatana na Mkasi hadi kisimani, akayafuta maneno yake mbele ya wote walioyasikia.

Bi Rehani akainuka kwenye ndoo. Binti mmoja aligeuza jembe lake, akatazama udongo ulioganda.

"Mchawi wa nyanya," alisema bibi.

"Umemshika mpini," wakaitikia, na safari hii hakuna aliyecheka.