Pini za Bi Twiga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango ya kufunga na majirani wa kusengenya. Sogeeni! Hadithi hii naijua kuliko aliyeitunga. Anayebisha asimame nimwone. Hakuna? Haya.

Palikuwa na binti Nungunungu, jina lake Chausiku. Mwaka huo mabinti wa mji walikuwa wanachezwa ngoma, na kabla ya kutolewa nje sharti kila mmoja asingwe: asuguliwe singo yenye manukato mwili mzima mpaka ang'ae. Somo wao, wa kuwafunda na kuwasinga, alikuwa Bi Twiga, shingo ndefu, mdomo mrefu zaidi.

Zamu ya Chausiku ikafika.

"He! Nikusinge wapi wewe?" Bi Twiga akaruka. "Huyu binti au ufagio?"

"Kwa! kwa! kwa!" akacheka shoga yake, Bi Pundamilia. "Mpe uwanja afagie!"

Mabinti swala wakaangua kicheko. We wa nyuma, na wewe unacheka? Ngoja.

Chausiku akarudi nyumbani kichwa chini.

"Mama, mimi mbaya?"

"Nani kasema? Miiba hiyo ndiyo nguo yako, mwanangu. Ndiyo aliyovaa bibi yako."

"Singo haishiki, mama."

Mama akamkumbatia polepole, kwa hadhari, kama nungunungu wanavyokumbatiana.

Mama alipotoka kwenda kisimani, kichwa kikachomoza dirishani. Nguchiro! Mdogo kama kiatu, lakini angeweza kumuuzia kiboko maji.

"Dada, usilie. Nakulainisha sasa hivi, bure kabisa!"

"Itauma?"

"Aa, urembo na machozi ni mtu na mdogo wake."

Pwi! Mwiba wa kwanza. Pwi! Pwi! Chausiku akauma kanga ya mama yake asisikike. Nguchiro akajaza kikapu, huyoo, mpaka kwa Bi Twiga, alipokaa na Bi Pundamilia.

"Hodi! Shikamooni mama zangu! Pini za nywele hizi, nyeusi kwa nyeupe, zimetoka ng'ambo. Hazitoshi kila mtu!"

"Nichomeke mimi kwanza!"

"Shoga, usinisukume!"

Wakampa mayai yote ya banda lao la kuku.

Siku ya kutolewa nje ikafika. Chausiku akatoka laini, singo ikimwasha kwenye vidonda, akijitahidi kutabasamu. Hakuna aliyemtazama. Macho yote yalikuwa kichwani kwa Bi Twiga.

"Mashallah, pini hizo!"

"Umependeza, Bi Twiga, umependeza!"

Chausiku naye akatazama. Akautambua mwiba mmoja, wenye ncha iliyovunjika.

"Hiyo miiba ni yangu," akasema.

Bi Twiga akajipapasa kichwa. "Yako? Nguchirooo!"

Nguchiro alikuwa kichakani, anapasua yai, ko! "Mama zangu," akaita, "ufagio umewapendeza!"

Uwanja mzima ukacheka. Chausiku hakucheka.

Miiba huota tena, nyie. Ikaota iliyonyooka, inayong'aa. Bi Twiga mwenyewe akaja kumwita: "Njoo, mwanangu, tulikosea, u mzuri." Lakini kila asubuhi mama alisikia chumbani kwa binti yake, pwi! Kimya. Pwi! Nguchiro hakuwemo. Chausiku alikuwa anaing'oa mwenyewe.

Mimi nimemaliza. Haya, wewe wa nyuma, cheka sasa.

Anayemwambia mtoto kuwa ni mbaya husema mara moja akasahau. Mtoto hubaki akijiambia maisha yake yote.