Mwanjaa na Zimwi Lisilo na Jina

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu kama watu walioshiba kiporo. Haya, tena.

Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Palikuwa na mwanamke anaitwa Mwanjaa. Mwana wa njaa, wanangu. Alizaliwa mwaka wa njaa, shangazi yake akampa jina hilo, na tangu utotoni wenzake walimcheka kisimani. Wakimwona anakuja wanaambiana wafiche vyungu, Njaa huyo anapita. Nyie chekeni tu, na mimi nacheka, lakini mwenyewe lilimkera mpaka kwenye mifupa.

Basi Mwanjaa akaolewa, mume akafa mapema, akabaki na mtoto mchanga wa kiume. Ikafika siku ya kumpa mtoto jina. Shangazi yake, Bi Semeni, akaja kajifunga kanga mpya, maana katika ukoo wao majina hutolewa na shangazi. Mwanjaa akamkatalia. Akamwambia mkono wako wa majina naujua, mwanangu nitamwita mwenyewe.

Alikuwa amemsikia muuza bangili akipita njiani anataja jina fulani, jina tamu, linateleza mdomoni kama halua. Limetoka wapi, hajui. Maana yake nini, hajui. Nani aliitwa hivyo kwanza, hajui. Akambandika mwanawe.

Bi Semeni akajitanda kanga yake akaondoka. Alipofika mlangoni akasema, "Jina lisilo na sababu ni mlango usio na komeo, mwanangu."

Mnataka kulijua hilo jina? Hata mimi sikuambiwa. Tulieni, mtajua kwa nini.

Mtoto akakua, akafika umri wa kufukuza ndege. Mpunga ukianza kuiva, watoto hupanda dunguni, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu katikati ya shamba, wakapiga madebe ndege wasile. Siku moja jua linazama, ndege wote wakanyamaza kwa pamoja. Mpunga ukalala upande mmoja, na upepo hakuna.

Likatoka zimwi. Refu kuliko dungu. Na uso wake haushikiki, wanangu. Unautazama, ukipepesa macho umeshausahau.

Likasimama chini ya dungu la kwanza.

"Unaitwa nani? Nani kakuita? Kwa nini kakuita?"

"Naitwa Chausiku. Bibi kaniita. Kwa sababu nilizaliwa usiku."

Zimwi likapita. Likaenda dungu la pili.

"Unaitwa nani? Nani kakuita? Kwa nini kakuita?"

"Naitwa Mwamvua. Baba kaniita. Kwa sababu siku hiyo mvua ilibomoa jiko."

Zimwi likapita. Likaenda dungu la tatu, la mtoto wa Mwanjaa.

"Unaitwa nani? Nani kakuita? Kwa nini kakuita?"

Mtoto akalitaja jina lake tamu. Akasema kaitwa na mama. Kwa nini? Akafungua mdomo, hamna kitu.

"Basi hili halina mwenyewe," zimwi likasema.

Likanyoosha mkono, likalichuma lile jina kama mtu anavyochuma pera, likalila. Mtoto akashuka mwenyewe, akalifuata msituni. Hakugeuka.

Chausiku akakimbia kijijini kupeleka habari. Akasema zimwi limemchukua yule, limemchukua nani yule. Neno haliji. Mwanjaa akatoka mbio mpaka ukingo wa msitu amwite mwanawe. Akafungua mdomo, jina hakuna. Akarudi kuuliza majirani, jamani, mwanangu anaitwa nani? Wakatazamana. Kila aliyelijua limemtoka. Ndiyo maana na mimi sikuambiwa.

Basi akaenda kwa Bi Semeni. Na Bi Semeni, ambaye mdomo wake ulikuwa haupumziki hata msibani, siku hiyo hakumsuta. Akamwambia ukienda huko litakuuliza na wewe. Je, unajua kwa nini nilikuita Mwanjaa?

"Si nilizaliwa mwaka wa njaa."

"Hiyo nusu. Mwaka ule mama yako alichimba mizizi mpaka kucha zikang'oka, akaila ili wewe unyonye. Wewe ukaishi. Yeye akafa mvua ya kwanza iliponyesha. Nilikuita hivyo ili usije ukashiba ukamsahau."

Mwanjaa akalia sana. Akauliza mbona hukuniambia, shangazi. Akajibiwa, "Utaambiwa vipi nawe umenuna miaka yote?"

Kulipopambazuka akaingia msituni. Akatembea mpaka hakusikia tena majogoo. Akalikuta zimwi limekaa kwenye mdomo wa pango.

"Unaitwa nani? Nani kakuita? Kwa nini kakuita?"

"Naitwa Mwanjaa. Shangazi kaniita. Kwa sababu mama yangu alikula mizizi ili mimi ninyonye, akafa."

Zimwi likasogea pembeni. Likamwambia wewe sikuwezi. Mwanao yumo humo ndani, mwite, akitoka mchukue.

Mwanjaa akachungulia. Watoto wamejaa pangoni, wa vijiji vyote, nyuso zao tupu kama sahani zilizooshwa. Hakumtambua wake.

Akaita, "Mwanangu!" Wote wakaitika, "Naam, mama."

Akaita tena. Wote wakaitika, "Naam, mama."

Akaita mara ya tatu. Wote wakaitika, "Naam, mama."

Zimwi likacheka, na mle pangoni hakuna aliyecheka nalo. Mwanjaa akakaa chini kwenye vumbi. Kisha akainua kichwa, akaliuliza.

"Na wewe unaitwa nani?"

Kicheko kikakatika.

"Sina. Mama yangu aliniona mara moja, akakimbia. Nakula ya wenzangu, lakini hayakai tumboni."

"Nitakupa mimi."

Safari hii Mwanjaa alifikiri. Akafikiri mpaka jua likafika utosini. Halafu akasimama.

"Nakuita Rejesha. Nimekuita mimi, Mwanjaa. Kwa sababu umechukua watoto wa watu."

Zimwi likatetemeka kama mtu mwenye homa. Ule uso usioshikika ukatulia, ukakaa. Na ulipokaa, wanangu, ulifanana na wa Mwanjaa.

Likainuka. Likawatoa watoto wote, likampeleka kila mmoja kwao. Wa Mwanjaa likamshika mkono, likamkabidhi kwa mama yake. Na Mwanjaa akampa mwanawe jina jipya, Sijalala, kwa sababu tangu mtoto achukuliwe, mama hakufumba jicho.

Kijijini vigelegele vikapigwa mpaka sauti zikakauka. Jioni, watu bado wanakula, mlango ukagongwa.

"Hodi, mama."

Mwanjaa akauliza ni nani.

"Rejesha. Kazi uliyonipa nimemaliza. Nina njaa."

Wanaume wakashika mapanga. Bi Semeni akawazuia. "Aliyekupa jina ndiye mzazi wako. Hakuna wa kumfukuza mtoto mlangoni kwa mamaye."

Basi Mwanjaa akapika. Kesho yake akapika. Akapika mpaka leo. Kila jioni zimwi hula pale kizingitini, sufuria nzima, likalamba na mwiko. Likimaliza, huinamisha kichwa chake kirefu likachungulia ndani.

"Ndugu yangu, unaitwa nani? Nani kakuita? Kwa nini kakuita?"

Na Sijalala hujibu, mama yake amesimama nyuma yake kamshika mabega, anasikiliza neno moja moja mtoto asije akakosea.

Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini kwa Mwanjaa. Mafunzo yake ni haya: usimpe kiumbe jina usilojua sababu yake, na ukishampa, umemzaa, huna tena pa kumtupa.

Haya, kila mtu kwao. Na kabla hamjalala, kila mmoja akamuulize mama yake.