Ufunguo Mmoja wa Chumba cha Kugusa

Kaeni vizuri, na kila mtu aifiche hukumu yake mpaka nimalize. Nawajua. Wapo wanaokata kesi kabla shahidi hajakohoa.

Walikuwako wanawake watatu katika mji wa Kitangawe, kila mmoja na kipaji chake. Somoe alijaliwa mikono: akiipapasa kanga gizani atakuambia kama ni mpya au imeoshwa ikarudishwa dukani. Kidawa alijaliwa pua: akipita mlangoni pako anajua umepika nini na umeunguza nini. Riziki alijaliwa masikio: aliwajua wageni kwa mlio wa kandambili zao uani. Walisoma darasa moja tangu utotoni, na tangu utotoni hakuna hata mmoja aliyefurahi mwenzake aliposifiwa. Kuazimana vyombo waliazimana, na kwenye misiba walifika wote. Lakini mmoja akipata cha maana, wawili hulala na homa.

Pembeni ya mji huo pana magofu ya mji wa kale, nyumba za matumbawe na chokaa zilizojengwa zama za masultani, yapata miaka mia sita nyuma, na hapo hapo pana makumbusho. Kila mwaka shule huleta wanafunzi wajifunze historia ya zama hizo. Wanaoona huingia ndani wakakodolea makabati ya vioo. Wasioona hukalishwa nje kwenye benchi, wakapewa soda. Wakirudi shuleni, mtihani ni ule ule. Narudia kwa faida ya waliochelewa kukaa: soda nje, mtihani ule ule.

Mwatima, msichana wa miaka kumi na tisa asiyeona tangu kuzaliwa, aliinywa soda hiyo miaka mitatu. Mwaka wa nne, akiwa kidato cha nne, aliikataa.

"Bi Shemsa," alimwambia mkuu wa makumbusho, "kiu sina. Nina mtihani."

Bi Shemsa aliona haya. Akahangaika mpaka akapata ruhusa ya kufungua chumba cha kugusa, pamoja na nyumba chache kule magofuni ambazo wanafunzi wangeweza kuzipapasa. Sasa akahitaji mtu mmoja wa kukishika chumba hicho, kazi ya kudumu. Mnadhani nani waliomba? Somoe, mwalimu wa kujitolea asiye na ajira. Kidawa, aliyeuza udi kibarazani. Riziki, aliyetembeza wageni kama kibarua.

"Kazi ni moja," Bi Shemsa akawaambia. "Mfundisheni Mwatima kwa zamu, kila mmoja kwa njia yake. Atakayemfanya auone mji huu ndiye atakayepewa ufunguo."

Somoe alianza. Alimwekea Mwatima sinia la vigae vya vyungu na vipande vya mawe ya nakshi, akamkataza kutumia kiganja. "Kiganja ni cha kupigia makofi, mdogo wangu. Jiwe husomwa kwa ncha za vidole, taratibu, ukingo kwa ukingo, usiruke kitu." Mwatima akiharakisha, anarudishwa mwanzo. Siku Kidawa alipowahi kufika, Somoe alilifunika sinia kwa mtandio.

"Unaficha nini, shoga?"

"Naficha chakula. Nzi wamekuwa wengi."

Akafuata Kidawa. Yeye alichoma matumbawe uani kwake, akayazima kwa maji mpaka mvuke ukamkereketa Mwatima puani, akasema, "Harufu hiyo ndiyo iliyotanda mji mzima wakati wanajenga." Kisha alipaka lipu mbichi ya chokaa hiyo ubaoni, akamwambia abonyeze kidole. Juma lililofuata alimrudisha kwenye ubao ule ule: alama ya kidole ipo, nayo imekuwa jiwe. "Usimwambie Somoe," alimnong'oneza. "Ataiga, halafu aseme kaota."

Riziki hakutaka sinia wala ubao. Alimpeleka kwenye nyumba za magofu, akamsimamisha chumba baada ya chumba na kumwambia apige kofi. Ua uliumeza mlio. Ukumbi uliurudisha ukiwa mrefu. Chumba cha ndani kiliurudisha upesi, mzito, kama mtu aliyejibu akiwa ameziba mdomo. Akamweleza kwamba vyumba vilikuwa vyembamba kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko una kimo chake. Mbele walikaa wageni, ndani kabisa walilala kina mama na watoto. "Wenzangu wanakulisha makombo," alisema. "Nyumba haikai kwenye sinia."

Siku ya kujaribiwa ikafika. Bi Shemsa alimwingiza Mwatima katika nyumba ambayo hajawahi kufundishiwa, na wale watatu nyuma wakisukumana viwiko kama waliogombea mimbari.

Mwatima alipiga kofi. Akasikiliza. "Hiki ni chumba cha ndani."

Riziki alikohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu anayetaka aonekane.

Mwatima akaufuata ukuta kwa ncha za vidole, taratibu, akashuka nao mpaka karibu na sakafu. Penye pembe akasimama. Somoe akakunja mikono, akatabasamu.

"Hapa pana kishimo," Mwatima alisema. "Lipu ilibonyezwa ikiwa mbichi." Kidawa akawatazama wenzake mmoja mmoja. Mwatima akajaribu kidole gumba, kikagoma. Akajaribu cha shahada, nacho kikagoma. Kidole cha mwisho ndicho kilichoingia. "Huyu alikuwa mtoto. Alichuchumaa hapa chokaa haijakauka, akabonyeza. Labda mama yake alimfokea." Akaanza kucheka. "Miaka yote mnanikaririsha masultani. Kumbe palikuwa na watoto watundu."

Bi Shemsa alipiga magoti na kumulika tochi. Wataalamu walishaiandikia nyumba ile vitabu, yeye mwenyewe ameifagia tangu usichana wake, na hakuna aliyekiona kishimo hicho.

"Ameuona mji," alisema.

Hapo ndipo aibu ilipoanza.

"Vidole vile nimevifundisha mimi," Somoe aliwahi. "Bila mimi angepapasa kama anayetafuta kiberiti."

"Angekiona kishimo akadhani ni nyumba ya mdudu," Kidawa akasema. "Nani aliyemwambia lipu inahifadhi kidole? Sinia lako?"

"Na nani aliyemwambia pale ni chumba cha watoto?" Riziki akadakia. "Nyie mngemfikisha sebuleni, mkasema sultani ana vidole vidogo."

"Wivu huo, Riziki, utakuharibia masikio," Somoe akasema.

"Bora masikio. Wewe umeshakuharibia sura."

Wakaendelea hivyo, kila mmoja akimvuta Mwatima mkono, mpaka Mwatima akaukunja mkono wake kifuani.

"Mkimaliza kunigawana, nina neno," alisema. "Nyinyi mnaoneana wivu. Mimi nawaonea wivu nyote watatu. Tangu tuingie hapa yamesifiwa mafunzo yenu, mimi natajwa kama chombo kilichotumika. Kilichoingia mle ni kidole changu. Mtoto yule nimemfikiria mimi. Shule namaliza mwaka huu, na ufunguo nautaka."

Somoe akamgeukia. "Mdogo wangu, mwanafunzi humnyang'anya mwalimu wake kazi?"

"Nani aliyekufundisha chokaa?" Kidawa aliuliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni wewe, dada Kidawa. Na wewe nani alikufundisha udi? Mbona hukumwachia kibaraza?"

Riziki akaguna. "Sisi tumesubiri ajira miaka, yeye hata cheti hana."

"Mngenisubirisha wapi?" Mwatima akamjibu. "Mlango ulikuwa umefungwa."

Bi Shemsa aliufumbata ufunguo mpaka meno ya ufunguo huo yakamchora kiganjani. Akawatoa wote, akafunga. Mpaka sasa ninapowasimulia, chumba bado kimefungwa, na Jumatatu linakuja darasa jingine la wasioona, wenye mtihani ule ule.

Sasa zungumzeni. Ila msiniambie wagawane: ufunguo ni mmoja na kazi ni moja. Msiniambie Mwatima ni mdogo, maana ndiye aliyeona. Wala msiniambie angeona peke yake, maana alikaa benchi miaka mitatu na hakuona kitu. Ukimtoa Somoe, kidole kingeruka kishimo. Ukimtoa Kidawa, kishimo kingebaki kishimo. Ukimtoa Riziki, tusingejua mtoto alilala wapi. Ukimtoa Mwatima, mtoto mwenyewe hayupo.

Wewe ndiwe Bi Shemsa, na Jumatatu haiko mbali. Unampa nani, na wale wengine watatu unaowanyima utawaambia nini usoni?