Sufuria ya Mlangoni

Hapo zamani, na ninyi wa nyuma acheni kunong'ona, palikuwa na mji uitwao Kitopeni. Mlangoni pa soko alisimama mlinzi na sufuria yenye masizi. Ukija na bidhaa, anakuwekea sufuria shavuni. Ukiwa mweupe kuliko masizi, pita, uza chini ya paa. Ukifanana na masizi, nje, mvua ikunyeshee! Ndiyo sheria. Makubwa, jamani!

Waliofukuzwa wakaunda kikundi, wakaenda barazani kudai sheria ifutwe. Madiwani watano walisema ifutwe. Watano wakasema ibaki. Wa kumi na mmoja, Mheshimiwa Bwanakheri, alikuwa amelala fofofo. Na desturi ya baraza lile ni hii: mkono ukipanda ni kura ya kufuta, hata wa aliyelala.

Ghafla mkono wake ukapanda. Sheria ikafutwa!

"Lakini chini ya paa imebaki meza moja," karani akasema. "Leteni jina moja kabla soko halijafungwa. La sivyo, sufuria inarudi."

Hapo ndipo moto ulipowaka.

"Meza yangu," alisema Chande, fundi viatu wa kikundi kile. "Soli ya Mheshimiwa ilibanduka njiani, akataka kurudi nyumbani. Nani aliyemshonea? Bila mimi asingefika."

"Angefika macho, angesema ibaki, kama kila mwaka!" akafoka Bi Mshangama. "Nani aliyemlisha vitumbua ishirini na viwili mpaka akasinzia? Miaka saba nauza vitumbua vilivyolowa. Wanangu wanakula mabaki mpaka wanalia wakiviona. Nimechoka!"

"Angelala tu mpaka sasa," akasema Tabu, muuza kuku. "Nani aliyepenyeza unyoya dirishani, akamtekenya sikio? Alidhani nzi, akainua mkono."

Mara Mheshimiwa mwenyewe akatokea, anapiga miayo.

"Mkono ni wa nani?" akauliza. "Nami nina mke anayeuza maandazi."

"Mke wako ana meza tatu!" wakamjibu kwa pamoja. Mheshimiwa akasema ya nne haimdhuru mtu.

Wakabishana. Mvua ikaanza. Meza ilikuwa mle ndani, kavu, tupu, nao wako nje wamelowa chapachapa, wanaonyeshana vidole. Mlinzi naye keshaanza kuifuta sufuria vumbi.

Haya, ninyi mnaojua kila kitu, karani ameshika kengele ya kufunga soko, na jina ni moja tu. Je, nani alistahili?